Mabinti Wawili wa Sebule ya Kibenga

Jumatatu, 15 Septemba 2003

Shule zimefunguliwa. Tangu alfajiri niko kwenye cherehani, maana wazazi wa Kanyosha, hapa Bujumbura, hukumbuka sare siku ileile ya kufungua. Nimeshona sketi kumi na moja za bluu na mashati sita, na mgongo unalia. Naandika humu kwenye daftari la vipimo vya wateja kwa kuwa kurasa za nyuma ni tupu. Masista walionifundisha kushona kule Uvira walituambia mwanamke anayelea mtoto peke yake aandike siku zake, zisije zikampita kama maji.

Jina langu ni Sijaona. Mume wangu Mirindi aliuawa barabarani vita vilipoanza kwetu Kongo, nikavuka mpaka kuingia Burundi nimemshika binti yetu Chanelle mkono, ana miaka minane. Nilikimbia vita nikaingia kwenye vita. Leo Chanelle ana kumi na tano, amenipita urefu, na jioni hii amekula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka akakwangua sufuria. Nilimwambia anakula kama mtu aliyelima. Akacheka na mdomo umejaa.

Jumamosi, 20 Septemba

Madame Léocadie amekuja kutoka Kibenga kujaribu gauni lake la harusi ya shemeji. Ni mama yake Lisette, rafiki wa Chanelle darasani. Mume wake, Bwana Adolphe, ni mkubwa katika ofisi moja ya serikali, lakini mama mwenyewe hana majivuno. Aliketi kwenye kigoda changu kama mtu wa nyumbani.

"Mama Chanelle, umuache mutoto akuye kwetu kisha masomo," alisema. "Tumefunga parabole, ile sahani kubwa, juu ya nyumba, Lisette anaangalia televisheni za dunia yote. Wanasoma, kisha wanaangalia. Ni afazali wakae mu salon, mi nawaona. Huku inje, na hizi masasi za vita, tunajua nini?"

Nilimshukuru. Kutoka kwetu mpaka Kibenga ni mwendo wa nusu saa tu, nao wana ukuta na geti la chuma. Mimi nina ua wa mabati yaliyotoboka.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini vumbi limelala.

Jumamosi, 27 Septemba

Chanelle ameniomba nimpime. Alisimama wima mbele yangu na mikono kaiinua, nami nikampima kifua, kiuno na nyonga kama mteja. Nilimwuliza, "Unataka gauni?" Akasema apana, anataka kujua tu. Kule kwa Lisette wanaangalia mashindano ya wasichana wa kutembea jukwaani, na chini ya kila jina huandikwa vipimo vyake.

"Mama, ile kazi yako wazungu wanaionyesha ku televisheni!"

Nilifurahi. Nimekuwa nikitamani ajifunze kushona, naye daima aliniambia sindano inamchoma. Nilimwonyesha jinsi ya kushika utepe bila kuubana. Tumekubaliana kila Jumamosi tutapimana, yeye anipime mimi, mimi nimpime yeye.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kiuno cha Chanelle kimepungua sentimita mbili. Changu hakijapungua hata kidogo! Tulicheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mizinga ililia milimani tangu asubuhi. Kufika saa sita watu walikuwa wanateremka na mikeka, mbuzi, vitoto mgongoni. Wengine wameingia kwenye uwanja wa kanisa. Mama mmoja alisimama mlangoni pangu. Ana mtoto wa kike wa miaka mitano na mchanga wa kunyonya. Anaitwa Spéciose. Kiswahili chake ni cha kuokoteza na Kirundi changu ni cha sokoni, lakini njaa haihitaji mkalimani. Nimewapa lile jiko la nyuma walale humo, mimi nitapikia barazani.

Chanelle alipotoka shule akawatazama, akachukua sahani yake ya maharage na kumpa yule mtoto wa kike. Yote. Nikamwambia, "Na we?" Akasema, "Mi nilikula kwa akina Lisette." Nilimtazama mwanangu nikamwona baba yake mtupu. Mirindi naye hakuweza kula mbele ya mtu mwenye njaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimesimama kanisani kutoa ushuhuda, jambo ambalo silifanyi. Nilieleza jinsi binti yangu anavyogawa chakula chake kila siku kwa watoto waliokimbia. Watu walipiga makofi. Mchungaji akamwita Chanelle mbele akamwekea mkono kichwani. Alitazama chini tu, kwa haya.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Vifungo vya koti la mwalimu mkuu. Hakuna la kusema.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumepimana. Amepungua tena, na safari hii sikucheka. Nilimwuliza kama tumbo linamsumbua. Akasema ni kutembea mpaka Kibenga na kurudi, na kwamba Lisette naye amepungua, na kwamba ndiyo uzuri. Nikamwambia kwetu mwanamke akikonda watu huuliza mume wake anamfanya nini. Akanijibu bila hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Mama, hiyo ni ya zamani."

Lisette alikuja kumchukua. Ni msichana mpole, mwenye sauti ndogo, anayekusalimu kwa mikono miwili. Nilimpa chapati, akaniambia asante mama, akaikunja kwenye karatasi na kusema ataila njiani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Risasi upande wa juu asubuhi. Shule imefungwa kwa leo. Chanelle alishinda kwa Lisette. Nilikaa na amani kujua yuko ndani ya ukuta.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo ameanguka.

Kwaya ilikuwa imesimama kwa wimbo wa pili. Nilimwona Chanelle akifumba macho, nikadhani anasali, kisha akaenda chini kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Hakupiga kelele. Kina mama wakamzunguka, mmoja akaanza kukemea pepo, mwingine akasema ni zile hofu za vita zinazowashika wasichana. Nilipomwinua nilishtuka. Nimebeba marobota ya vitambaa mazito kuliko mwanangu.

Tulimpeleka kwenye dispanseri ya hapa mtaani. Anselme, mwuguzi, ni mtu asiyependa maneno mengi. Alimtoboa kidole akatazama damu.

"Malaria hakuna," alisema. Akavuta ukope wake chini, akatazama kucha. Akamshika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana. "Mama Chanelle, huyu mutoto anakula?"

"Anakula kuliko mimi," nilijibu, na nilikasirika kweli. "Mi ni maskini, lakini mwanangu halali njaa."

Anselme alinitazama, kisha akamtazama Chanelle, naye Chanelle akageukia ukuta. Akatupa vidonge vya damu na unga wa kuchanganya na maji. Akasema nirudi naye Ijumaa.

Jumatano, 29 Oktoba

Anakunywa dawa. Mvua kila siku.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Herufi zangu leo siyo zangu.

Baada ya chakula cha mchana Spéciose aliniita nyuma. Alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, na nikadhani mtoto wake mchanga amekufa. Akanishika miguu. "Mbabarira, mama," alisema, nisamehe, akarudia mara nyingi. Kisha akatoa maneno kwa shida, Kirundi na Kiswahili pamoja.

"Mutoto yako hali. Anapeana yote. Asubuhi, yote. Saa sita, yote. Jioni anatia ku mudomo, unamuona, kisha anakuya huku nyuma anatapika, anafunika na majivu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku tulifika."

"Na we ulinyamaza?"

Alilia bila sauti. "Wanangu walikuwa wanakula, mama. Nilisema nikiongea, sahani itaisha."

Nilisimama pale, mvua inanipiga kichwani, sikuisikia. Nilitaka kumpiga huyu mwanamke na nilishindwa, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu mimi mwenyewe ningefanya nini? Wiki tatu! Wiki tatu nimepika, nimepakua, nimemtazama mwanangu akitoa sahani yake, nikamsifu Mungu kwa moyo wake. Nilisimama madhabahuni nikasimulia njaa ya mwanangu kama baraka, na watu wakapiga makofi.

Watu wanakufa kwa kukosa konzi ya unga, na mtoto wangu ana chakula anakitupa. Kwetu hata neno la ugonjwa huu hatuna. Ukimwambia mtu, "Binti yangu ananyimwa chakula," atauliza nani anayemnyima. Nitasema nani?

Chanelle aliporudi kutoka shuleni nilimketisha kitandani. Nilimwambia najua. Hakukana. Alinitazama kwa macho makubwa yaliyoingia ndani na kusema, "Usinifokee, mama. Mi nachoka."

"Sikufokei. Niambie juu ya nini huli."

Akajivutia shuka mabegani. Kisha akasema, "Kule ku televisheni hakuna mutu anakimbia. Umeshaona? Wale wasichana wanatembea polepole. Watu wanawaangalia tu, wanawapenda. Hakuna anabeba mukeka. Mi na Lisette tunaangalia masaa tatu, masaa ine, mupaka macho inauma. Nikitoka kwao, huku inje yote inakuwa mubaya. Na mi mwenyewe nakuwa mubaya. Nikajiona ku kioo chao, nikaona mi ni munene, ni mweusi, ni wa Kanyosha." Akafuta pua kwa kiganja. "We ulikuwa unanipima kila Jumamosi. Ukisema imepunguka, nasikia kama nimepasi mutihani."

Hapo ndipo nilipoduwaa kabisa. Mikono yangu hii.

Nilimwuliza kama Lisette naye hali. Akafunga mdomo. Nikauliza tena. Akasema waliapa.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumekwenda kwa Anselme, siku moja kuchelewa. Nimemweleza mbele ya Chanelle. Hakucheka wala kukemea. Alisema aliwahi kuusoma ugonjwa huo shuleni, kwenye kitabu cha Wazungu, akadhani hatauona maisha yake yote. Akasema tusimlazimishe chakula kingi kwa mara moja, mwili utashtuka. Uji mwepesi, kidogo, mara sita kwa siku, nami niketi naye mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Televisheni iwe basi. Akanishika bega tukitoka: "Na yule rafiki yake? Mama yake anajua?"

Nilisema nitamwambia.

Jumatatu, 3 Novemba

Uji asubuhi, vijiko vinne. Alilia kila kijiko. Spéciose aliketi nasi, na mtoto wake wa kike akafukuzwa asikaribie kikombe.

Sijakwenda Kibenga.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefika mpaka getini kwao, nikarudi. Nilijipanga maneno njia nzima. Nitamwambiaje mke wa mkubwa, mwenye friji imejaa, kwamba binti yake anakufa njaa nyumbani kwake? Atasema mshonaji wa Kikongomani ana wivu. Atanikatia kazi, na wenzake watafuata. Nilisimama nikitazama ile sahani kubwa nyeupe juu ya paa lao, imeelekezwa mbinguni. Kwenye upenyo wa geti, kupitia dirisha lililo wazi, nilimwona Lisette amekaa peke yake sebuleni, karibu kabisa na kioo cha televisheni, mabega kayainamisha kama bibi kizee. Nilijiambia nitarudi Jumapili baada ya ibada, Madame akiwa ametulia.

Jumapili, 9 Novemba

Lisette mwenyewe ndiye aliyekuja, kumwona Chanelle. Alikuwa na sweta mbili na joto hili. Aliomba maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo, kisha vidole vikagoma kukiachia kikombe. Nikamwuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Akasema ni misuli tu inamkaza. Nikamwambia kesho nitakuja kuongea na mama yake. Akaniangalia kwa hofu. "Apana, mama, tafazali. Nitamwambia mi mwenyewe."

Nilimkubalia. Mungu anisamehe, nilifurahi kupata mtu wa kunibebea mzigo.

Jumanne, 11 Novemba

Lisette amekufa.

Alhamisi, 13 Novemba

Alianguka juzi asubuhi uwanjani, wasichana wakijipanga kuingia darasani. Walimfikisha hospitali moyo umeshasimama. Miaka kumi na tano. Siku ileile kombora lilianguka mbali kule milimani, na waliosikia habari kwanza walidhani limempata. Waliuliza, "Kipande kilimpiga wapi?" Hakuna aliyeweza kuamini kwamba msichana wa Bujumbura amekufa na hakuna risasi.

Leo tumezika. Nilikwenda na Chanelle, nimemshika kiunoni asianguke. Bwana Adolphe alikuwa anatembea kama mtu aliyefungwa macho. Madame Léocadie hakulia. Alisimama kando ya kaburi akirudia kila aliyempa mkono, "Alikuwa mu salon. Nilikuwa namuona. Alikuwa mu salon."

 

Jumamosi, 15 Novemba

Jana Spéciose alikwenda kuchota maji, wanawake wakamwondokea bombani. Mwishowe mmoja akamwambia sababu. Inasemwa Lisette mara ya mwisho alikunywa maji kwangu. Inasemwa binti yangu anakonda kwa sababu nilimjaribia dawa kwanza. Dada yake Bwana Adolphe anasema waziwazi kilioni kwamba Wakongomani wanajua sumu, na kwamba nilimwonea wivu Lisette kwa ajili ya utajiri wa baba yake.

Wateja wawili wametuma watu kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata.

Usiku wa jana nilimweleza Chanelle yanayosemwa. Nilidhani atalia. Alikaa wima. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliongea sentensi nzima.

"Lisette alikuwa anakunywa vidonge vya bibi yake."

"Vidonge gani?"

"Vya presha. Vile vya kukojoza. Alisema vinatoa maji mu mwili, mutu anakuwa mwepesi. Alivificha mu soksi. Alinipa mi pia. Nilikunywa siku mbili, moyo ukapiga vibaya, nikaogopa, nikatupa. Nilimwambia aache. Akaniapisha nisiseme." Kisha akaanza kutetemeka. "Mama, ningesema angekuwa muzima?"

Nilimkumbatia. Swali hilo ni langu pia. Mimi nilifika getini kwao nikarudi.

Jumatatu, 17 Novemba

Redio imeshinda ikisema serikali na waasi wamesaini makubaliano ya amani huko Dar es Salaam. Watu wamesimama barabarani na redio masikioni, wengine wanacheka, wengine hawaamini. Sisi tulipita katikati yao, mimi na Chanelle, tukaenda Kibenga.

Nilimwambia si lazima aje. Akasema, "Nitasema mi. We hawatakuamini."

Kilio kilikuwa bado kimejaa watu. Tulipoingia uani wakatugeukia. Dada yake Bwana Adolphe alisimama. "Huyu anatafuta nini hapa? Mutoke!" Wanaume wawili wakaja upande wetu. Nilihisi mkono wa Chanelle katika wangu, mifupa mitupu, lakini hakurudi nyuma. Akaita kwa sauti, "Maman Lisette! Nakuomba! Nina neno la Lisette!"

Madame Léocadie alitokea mlangoni. Siku sita tu, na mwanamke amezeeka. Alimtazama Chanelle kuanzia miguuni mpaka usoni, polepole, nami nikaona macho yake yanabadilika. Nadhani alikuwa anaona mwili wa binti yake.

"Muache waingie," alisema.

Tuliketi katika ile sebule. Viti vya ngozi, kitambaa cha kufuma juu ya televisheni iliyozimwa. Tulikuwa sisi watatu na Bwana Adolphe, aliyesimama dirishani ametupa mgongo. Chanelle alieleza yote. Mashindano, vipimo, viapo. Alivyokuwa akitoa sahani yake kwetu, na Lisette alivyokuwa akimwaga yake chooni, akiimba ili maji yasisikike. Vidonge vya bibi. Soksi. Hakuficha lake hata moja, wala hakujitetea. Nilikuwa nimemzaa mtoto huyu na sikujua ana ujasiri kiasi hicho.

Madame aliinuka akapanda ngazi. Tulimsikia ghorofani akifungua droo, moja baada ya nyingine.  Aliporudi alikuwa ameshika soksi nyeupe ya shule. Akaimimina juu ya meza. Vidonge vidogo, na karatasi iliyokunjwa ikiwa na tarehe na vipimo, mwandiko mzuri wa mwanafunzi wa kwanza darasani.

Bwana Adolphe aligeuka akaona. Akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Kisha nikasema langu. Nilipiga magoti kama Spéciose alivyonipigia. "Madame, nilijua tangu siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Si vidonge, lakini nilijua Lisette hali chakula. Nilifika getini kwako nikaogopa. Alikuja kwangu Jumapili nikamwona, nikanyamaza."

 Nilingoja kofi. Nililitaka.

"Mi nilikuwa naishi naye," alisema. "Asubuhi na jioni. Nilisifu. Nilisema, 'Lisette, unakuwa kama Miss.'" Akageukia Chanelle. "Mara ya mwisho ulimuona anakula, alikula nini?"

Chanelle alifikiri. Nilimwona anatafuta kweli, asije akamdanganya mama huyu. "Ndizi nusu," alisema. "Jumapili ile alikuya kwetu. Tuligawana."

"Ilikuwa ndizi muzuri?"

"Ndiyo, maman. Ilikuwa tamu. Alicheka juu ya vile ilianguka ku sketi yake."

Hapo ndipo Madame Léocadie alipolia. Siku sita zote zilitoka kwa mara moja.

Jumanne, 18 Novemba

Bwana Adolphe alisimama mwenyewe kilioni akawaambia watu hakuna sumu ya mtu. Nimeambiwa dada yake hakuomba radhi. Sijali.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Uji, nusu yai. Chanelle alitaka kwenda nyuma, Spéciose akasimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni akakataa kumpisha. Waligombana, mmoja kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili. Nusu saa ikapita.

Jumatano, 3 Desemba

Anselme anasema moyo unapiga vizuri. Ameonya tusifurahi mapema, ugonjwa huu hurudi. Chanelle mwenyewe alimwambia, "Najua. Kila siku nausikia unaniita."

Mwalimu mkuu ameniomba nije kuongea na kina mama wa wanafunzi wa liseyi, sekondari yao. Wasichana wengine wanne wameanguka uwanjani muhula huu, na kila mara ilisemwa ni vita. Nimesema nitakwenda. Nitatetemeka, lakini nitakwenda.

Jumapili, 7 Desemba

Ameanguka tena mikononi mwa ugonjwa. Nilikuta mkate umefichwa chini ya godoro, wa siku tatu. Nilipiga kelele, nikavunja kikombe, kisha nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto. Alikuja akaketi karibu yangu. Hakuahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Jumatano, 10 Desemba

Nilisimama mbele ya kina mama thelathini. Wengi hawakuniamini, mpaka nilipowaomba kila mmoja akumbuke lini alimwona binti yake akimeza.  Mama mmoja akachukua mkoba wake akatoka mbio.

Jumamosi, 20 Desemba

Saa sita mchana mtu alibisha. Alikuwa Madame Léocadie, kwa miguu, peke yake, kwenye matope yetu, na kitambaa cheusi kichwani. Sijamwona tangu siku ile. Nikatandika kanga kwenye kiti. Akasema hakai sana.

"Chanelle anakula saa hizi?"

"Ndiyo, Madame. Saa hizi."

"Naweza kumwangalia?"

 Nilimtazama Chanelle. Alikuwa amepauka, kijiko mkononi, na sahani yake mbele: wali, maharage, kipande cha mukeke, samaki wa ziwani. Najua kula mbele ya mtu ni mateso kwake. Hata mimi huwa nageuza uso nikijifanya nashona.

"Kaa, maman," alisema Chanelle.

Akaketi mbele yake, magoti yao karibu yakigusana. Spéciose alikusanya watoto wake akatoka nao nje. Mvua ilianza na kukoma. Chanelle alikula kijiko kimoja, akatafuna, akameza, akapumzika. Kingine. Madame hakumhimiza, hakumwambia kula mwanangu. Macho yake yalifuata kila kijiko kutoka sahanini mpaka mdomoni, na koo lake lilimeza pamoja na la Chanelle.

Ilichukua zaidi ya saa nzima. Kwa kijiko cha mwisho Chanelle alikuwa anatiririka machozi, lakini alikimeza, akafungua mdomo akamwonyesha, kama watoto wadogo wanavyofanya.

Madame Léocadie aliitazama ile sahani tupu. Akainuka, akajifunga kitambaa vizuri.

"Asante," alimwambia. "Kesho nitakuya tena."